Shorobo wa Gumbo

Quinter alikuwa hawezi kupiga picha bila kuhesabu. Msimcheke, kila fundi ana mazoea yake. Kinyozi hupuliza mashine hata kama haina unywele, mpishi hugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria hata kama umeshakauka. Quinter yeye alihesabu. "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Moja, mbili, TATU!" Ile tatu ilikuwa ya nguvu, ya kumzindua mteja aliyeanza kusinzia, na baada yake ndipo kidole kilipobonyeza. Alianza hivyo Kisumu akiwa msaidizi kwenye studio ya watu, akaendelea hivyo Juba alipofungua studio yake mwenyewe pale Hai Cinema, chumba kimoja chenye pazia la buluu upande huu na pazia jeupe upande ule. Miaka kumi na moja ya moja, mbili, tatu. Kidole kilikuwa kimezoea kuungoja ulimi, na ulimi haukujua kunyamaza.

Kwa binadamu haikuwa shida. Mwaka ule, wa nne tangu amani itiwe sahihi, watu wa Juba walidaiwa picha ndogo kila walikokwenda: kazini, shuleni, kwenye leseni, kwenye kadi ya hiki na kadi ya kile. Wakaja wanajeshi, wakaja masista, wakaja madereva wa malori ya Nimule wakiwa na vumbi kwenye kope. Wote walikaa kwenye stuli ileile, wakahesabiwa, wakaondoka na picha nne za sura ngumu.

Mambo yaliharibika alipokuja Arkangelo.

Arkangelo alikuwa fundi wa pampu za visima, mrefu, mwenye kucheka kabla hajamaliza anachotaka kusema. Alitaka picha ya kitambulisho cha kazi. Kila Quinter akifika tatu, yeye anaangua kicheko. Mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mara ya saba Quinter aliweka kamera chini amtukane, na badala ya tusi kikamtoka kicheko. Miezi minane baadaye walikuwa wanazungumzia ndoa.

Sasa, Arkangelo alikuwa na ndege wake. Vita vilimtoa Gumbo, ng'ambo ya mto, akiwa na miaka tisa, vikampeleka kambini Kakuma, kisha Nairobi, ambako Kiswahili kilimwingia mpaka akawa anaota kwa Kiswahili. Muda wote huo alimsimulia kila aliyekaa naye habari za ndege wa kwao. "Nyuma ya nyumba ya baba kuna mkuyu," angesema, "na kwenye mkuyu kuna ndege. Kichwa cheupe pe! Mwili zambarau. Akitulia utasema ni ndege tu, nini kikubwa? Ngoja aruke. Akiruka mabawa yote ni mekundu, mekundu ya kuumiza macho! Akitua tena, wekundu umepotea. Ameuficha." Watu wa kambini waliona ni stori za mtoto aliyekumbuka kwao, wakambandika jina la Ter Ahmer, yaani ndege mwekundu kwa Kiarabu cha Juba, na kila aliyesema jambo lisiloaminika aliambiwa ameleta ndege wa Arkangelo. Wajuao ndege humwita shorobo na hawaoni ajabu yoyote. Lakini Kakuma hapakuwa na wajuao ndege.

Amani ilipokuja Arkangelo alirudi, akakuta nyumba imeanguka, mkuyu umesimama, na ndege yumo. Alilia, na hakuona haya kusema kwamba alilia.

Aliyekuwa na haja ya kuonyeshwa ndege huyo alikuwa Omondi, kaka mkubwa wa Quinter, ambaye tangu baba yao afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba. Omondi alifanya kazi benki, hapo hapo Juba. Kazi yake ilikuwa kulinganisha sahihi ya mtu na sahihi iliyo kwenye kadi yake, kutwa nzima, na mazoea hayo hakuyaacha ofisini. Jumapili tatu mfululizo alialikwa chakula Gumbo. Jumapili ya kwanza alikaa na tai yake shingoni, ameuelekea mkuyu, kuanzia saa saba mpaka saa kumi na moja, ndege hakuja. Ya pili kitu kililia ndani ya majani, kor-kor-kor, kikaonekana mkia. Ya tatu ilinyesha mvua. Kila mara Arkangelo aliapa, kila mara kwa kiapo kikubwa kuliko cha Jumapili iliyotangulia.

"Mimi huyo bwana simchukii," Omondi alisema siku hiyo ya tatu, wakivuka daraja kwa miguu kurudi mjini. "Anaheshimu watu, anakula vizuri. Lakini ameniapia mara tatu juu ya kitu ambacho sijakiona. Ameniapia pia kwamba lile shamba ni la baba yake, na kwamba hana mke mwingine Kakuma. Hayo nayo nimeyaona?"

Hapo ndipo Quinter alipoharibu. "Mimi nimemwona huyo ndege," akasema.

Omondi alinyamaza, na kile kimya kilimtisha Quinter, akaanza kukijaza. Akasema ilikuwa Jumanne. Saa kumi na dakika kumi jioni. Upepo ulikuwa unatoka upande wa mto. Ndege alikuwa anakula tunda la mkuyu, likamponyoka, likamwangukia mbuzi mgongoni, mbuzi akashtuka, ndege naye akashtuka, akaruka, wekundu mtupu!

Omondi alisikiliza mpaka mwisho. "Mbuzi wa rangi gani?"

"Mweusi. Ana doa."

"Haya," akasema Omondi, na hakufungua mdomo tena mpaka walipofika mtaa wa Malakia.

Jumamosi ya juma hilo Omondi alikuwa anasafiri nyumbani, Nyakach, kwa likizo. Mama na wajomba wangemkalisha na kumuuliza habari za huyo mtu wa Juba, na neno lake ndilo lingekuwa neno. Akisema ndiyo, wazee wangefunga safari. Akisema hapana, wasingefika hata Kisumu mjini, sembuse Nile.

Quinter hakulala vizuri. Kudanganya kulimuuma, kwa kuwa hakuwa mtu wa kudanganya. Lakini kulikuwa na jambo lililomuuma zaidi ya hilo. Alimpenda Arkangelo, hilo halikuwa na mjadala. Ila ndege hakuwa amemwona, na chini kabisa ya moyo wake, mahali ambapo hakupenda kuchungulia, hakujua kama amedanganya juu ya kitu kilichopo au kisichokuwepo.

Jumatatu akakata shauri. Angempiga picha. Omondi akitaka ushahidi, ataushika mkononi.

"Robinah, nakuachia ufunguo asubuhi hizi nne," alimwambia jirani yake, Mganda mnene mcheshi aliyepika chapati mbele ya studio. "Wateja waambie warudi mchana."

"Na weye naenda wapi?"

"Gumbo. Kumpiga ndege picha."

Robinah aligeuza chapati yake taratibu. "Yesu wangu. Sasa hata ndege wanataka kitambulisho?"

Kwenda Gumbo na kamera ilikuwa shughuli, kwa sababu lazima uvuke daraja, na daraja lilikuwa na askari, na askari hao hawakutaka kuona kamera karibu na daraja lao. Quinter alikuwa na karatasi yake ya ruhusa yenye mihuri miwili. Haikumsaidia. Askari wa zamu, kijana mrefu aitwaye Makuei, hata hakuisoma. Alimtazama usoni, akatoa kitambulisho mfukoni, akamsogezea.

"Wewe mama ta studio. Angalia. Mimi nalala!"

Ni kweli. Kwenye picha Makuei alikuwa amefumba macho, ametulia kabisa.

"Afande, nilikuhesabia. Wewe ndiye ulifumba kwenye tatu."

"Wewe nasema moja, nasema mbili, mimi nangoja risasi," alisema Makuei kwa uchungu. "Tatu, macho nafunga yenyewe. Kila siku wakubwa nauliza, Makuei, nalala kazini?"

Quinter alimwahidi picha nyingine bure, na Makuei akamruhusu kupita kwa sharti kwamba kamera isitoke kwenye mfuko mpaka magurudumu ya bodaboda yakanyage udongo wa ng'ambo.

Nyumbani kwa Arkangelo mahali pazuri pa kujificha palikuwa pamoja tu: bafu. Lilikuwa ua wa matete, limefika mabegani, halina paa, na lilisimama chini ya mkuyu wenyewe. Ukiingia na kuinua uso, matawi yote yako juu yako. Arkangelo mwenyewe alikuwa kazini visimani. Aliyebaki nyumbani alikuwa bibi yake mzaa baba, aliyeitwa Haboba, yaani bibi, na kila mtu, mwanamke mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu, asiyejua Kiswahili hata salamu. Kiarabu cha Quinter nacho kilikuwa cha sokoni: bei gani, punguza, asante.

Haboba aliona mgeni ameingia bafuni. Mgeni akiingia bafuni anataka nini? Dakika chache baadaye akatokea na ndoo ya maji ya uvuguvugu, sabuni, na taulo la manjano begani. Quinter alijaribu kueleza kwa mikono. Haboba akaitazama ile mikono, akaenda kuongeza maji ya moto. Kukataa maji ya kuoga katika nyumba ambayo unataka kuolewa, hilo hata Quinter hakuwa na ujasiri nalo. Akaoga. Alipomaliza akavaa, akatulia tena palepale na kamera yake, akiangalia juu. Haboba akapita, akaona mgeni bado yuko bafuni. Akaleta ndoo ya pili.

Siku hiyo ya kwanza, Jumanne, Quinter alioga mara tatu, na wakati wa ile ya pili, uso mzima ukiwa povu, ndipo aliposikia: kor-kor-kor, karibu, juu ya kichwa chake. Akafunga kanga, akapapasa kamera, akafumbua jicho moja lililokuwa linawaka kwa sabuni. Kitu cheusi kilikuwa kinakimbia juu ya tawi, kinaruka-ruka kwa miguu kama kindi. Akainua kamera.

"Moja, mbili, TATU!"

Alipopangusa povu na kuitazama picha, aliona tawi. Tawi zuri, limetoka vizuri, lina majani kumi na manne.

Jumatano alikuwa mjanja zaidi. Ndoo ikija anaipokea, anashukuru, anamwaga maji chini kidogo kidogo kwa kelele nyingi ili Haboba aridhike. Ndege alikuja mara tatu. Na mara tatu Quinter aliapa moyoni kwamba hatahesabu, na mara tatu ulimi ukahesabu wenyewe. Moja, ndege anageuza shingo. Mbili, anachuchumaa. Tatu, hayupo. Na kamera yake ilikuwa ya zile za kidijitali za mwanzo, ambazo ukibonyeza hufikiri kwanza kabla ya kupiga. Binadamu unamwambia asitikisike, ndege utamwambiaje? Mbaya zaidi, ikifikiri, kioo chake huwa giza. Kwa hiyo Quinter, aliyekuwa amekodoa macho kwenye kioo, hakuona bawa wala wekundu. Aliona giza, kisha tawi. Alirudi mjini na picha tatu za matawi.

Alhamisi akaingia bafuni na kipande cha muhogo wa kuchemsha, na ndege alipotua akaujaza mdomoni wote. Ulimi ukafungwa. Kidole kikasita, kikatafuta amri yake, hakikuipata, mwishowe kikabonyeza kwa aibu. Ndege alikaa palepale, akaendelea kula matunda yake. Quinter nusura akabwe na muhogo kwa furaha.

Lakini alipoichapa picha studio mchana na kumwonyesha Robinah, Robinah aliishika mbali, akaishika karibu, akaigeuza.

"Hii ni kuku."

"Si kuku!"

"Kuku mweusi amepanda mti. Hata kwetu wako napanda."

Naye hakukosea sana. Kwenye picha palikuwa na bonge jeusi ndani ya majani, kichwa kimezibwa na jani, mabawa yamefungwa. Wekundu aliousema Arkangelo, kama upo, ulikuwa umekunjwa ndani. Picha ya ndege aliyetulia haikuwa na maana yoyote. Alipaswa kupatikana akiruka, na akiruka hapatikani.

Jioni Arkangelo alipita studio akitoka kazini, mikono bado ina grisi. Aliipokea picha, akaruka. "Si ndiye huyu! Si nilikwambia!"

"Omondi ataona kuku," Quinter alisema.

"Mwambie wewe, basi. Wewe si ulimwona?" Arkangelo alikuwa anatabasamu bado, lakini tabasamu lilianza kupungua. "Omondi alinipigia simu jana. Ameniuliza kama kwetu kuna mbuzi mweusi mwenye doa."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia hatuna mbuzi. Tuna bata."

Nje, Robinah aliacha kukanda unga, akawa anasikiliza waziwazi.

"Nilimdanganya," Quinter akasema. "Nilitaka akukubali. Sijamwona."

"Hujamwona. Sawa." Arkangelo aliirudisha picha mezani taratibu. "Lakini unaamini yuko?"

Swali dogo tu. Mtu yeyote angejibu ndiyo, akaendelea na mambo yake. Quinter alifungua mdomo kujibu ndiyo, na kwa sababu alikuwa amechoka na uongo, ile ndiyo ilichelewa. Ilichelewa kidogo sana, lakini Arkangelo alikuwa amesikia kimya cha namna hiyo tangu akiwa na miaka tisa, alikijua.

"Haya, Quinter. Lala salama," alisema. Alisema kwa upole, bila kucheka, na huo upole ndio uliomliza Quinter alipobaki peke yake kati ya pazia la buluu na pazia jeupe.

Ijumaa alivuka daraja mapema. Makuei alitaka kumsimamisha kwa mazungumzo, akamtazama uso, akaamua kumpisha.

Hakuwa na mpango tena. Habari ya Omondi ilikuwa imemtoka kichwani usiku ule ule. Alichotaka ni kimoja: kumwona ndege huyo kwa macho yake mawili, si kwa kioo kinachoingia giza, ili akimtazama Arkangelo aweze kumjibu alivyopaswa kujibiwa. Haboba alipokuja na ndoo yake, Quinter hakuipokea. Alimshika mkono, akamvuta ndani ya bafu, akamkalisha kando yake kwenye jiwe la kusugulia miguu, akaelekeza kidole juu ya mkuyu.

Haboba alitazama juu. Akamtazama Quinter. Akatazama kamera.

"Ita der shufu ter?" akauliza. Unataka kuona ndege?

"Aiwa, Haboba. Ter."

Bibi yule alicheka mpaka akashika matete asianguke. Siku nne! Siku nne anachota maji, anakata kuni, anachemsha, akidhani wasichana wa Kenya wana ugonjwa wa kuoga! Alicheka kicheko kilekile cha Arkangelo, kinachoanza kabla ya maneno, na Quinter akaelewa kimetoka wapi.

Wakakaa. Jua likapanda kidogo. Mtoni mtu alikuwa anafua nguo na kuimba. Kisha kor-kor-kor, na majani yakatikisika, na ndege akatoka mwisho wa tawi, mahali palipo wazi, kwa mara ya kwanza tangu Jumanne.

Quinter hakuinua kamera usoni. Aliishika tumboni, kioo chake kimetazama juu kama kitakavyo, akabaki na macho yake. Na hapo, akimtazama ndege anavyogeuza shingo, akaona jambo ambalo lilikuwa mbele yake siku zote. Huyu ndege haendi ovyo. Anakwenda kwenye tatu. Ile tatu yake ya kuzindua wateja ndiyo inayomrusha, kila siku, bila kukosa. Basi kumbe anaweza kumwagiza aruke saa anayotaka yeye! Na kamera hii, ambayo lazima ifikiri kwanza, ipewe nafasi yake ya kufikiri.

"Moja," akasema. Ndege akageuza shingo.

"Mbili," akasema, na akabonyeza hapo hapo. Kidole kilikataa, kilikuwa hakijawahi kuamriwa mbili maishani. Akakilazimisha kwa mkono wa pili.

"TATU!"

Ndege akafunguka. Hakuna neno jingine. Bonge lile jeusi liligawanyika pande mbili, na kila upande ukawa mwekundu, mwekundu uliopenywa na jua likatokea upande wa pili, na mbele ya wekundu huo kichwa cheupe kikinyooka kuelekea mtoni. Mapigo matatu ya mabawa, labda manne. Kisha akatua kwenye mti wa jirani, akakunja kila kitu, akawa ndege tu.

Quinter alipiga kelele. Alipiga vigelegele vya harusi, akamkumbatia Haboba, akapindua ndoo, wote wawili wakalowa miguu.

"Ahmer," alisema Haboba kwa utulivu, kama mtu anayemwambia mgeni jina la mtaa.

Ndipo Quinter akakumbuka kamera. Akaangalia. Mabawa mawili yalikuwa yamejaa picha, ncha zake zimetoka ukungu kidogo kwa kasi, wekundu wake ule ule, kila unyoya umetandazwa. Ila picha iliishia shingoni. Miaka kumi na moja hajawahi kumkata mteja kichwa, hata mtoto mchanga, hata mlevi, leo amekata.

Alimkuta Arkangelo kisimani karibu na kanisa, amelala chini, mkono umezama ndani ya pampu hadi begani.

"Nimemwona," Quinter akasema.

Arkangelo alitoa mkono, akamtazama kwa muda. Nywele zilikuwa na majani, sketi imelowa, viatu vina matope. Kisha akaomba kamera, akaitazama, na kicheko kikaanza tumboni kikapanda.

"Umemkata kichwa!"

"Nisamehe. Si kwa kichwa. Jana nilipaswa kukuamini."

Arkangelo alijifuta grisi kwenye suruali. "Kakuma, mwaka wa kumi hivi, mimi mwenyewe niliacha kujiamini," alisema. "Nikawaza labda nilimuota. Niliporudi, mti niliuona tangu barabarani, nikaogopa kuusogelea. Sasa wewe ningekulaumu vipi?"

Jioni hiyo Quinter alikwenda nyumbani kwa Omondi na picha iliyochapwa kwa ukubwa ambao karatasi yake kubwa kuliko zote iliruhusu. Omondi alikuwa anapanga nguo za safari. Quinter alimwekea picha juu ya mashati.

"Kabla hujasema kitu," akasema, "ile ya mbuzi nilikudanganya."

"Najua. Wana bata."

"Najua unajua."

Omondi alikaa kitandani. "Unajua kilichonisumbua, nyamera, dada? Si ndege. Tangu baba afe hujanidanganya hata siku moja. Hata ulipounguza redio yake ulikuja ukaniambia. Nikajiuliza, huyu mtu ni nani hasa, ambaye dada yangu ameanza kusema uongo kwa ajili yake? Usiku nilikuwa naamka nawaza mbuzi."

Omondi aliichukua picha, akaishika kwa pembe mbili kama anavyoshika hundi, akaipeleka kwenye mwanga wa dirisha. Aliangalia bawa la kulia. Akaangalia la kushoto. Akapumua.

"Hii ni kitu," akasema. Kisha, "Kichwa kiko wapi?"

"Nimekikata."

"Kwa hivyo cha kichwa hakuna ushahidi."

"Hakuna."

"Ni cha rangi gani?"

"Cheupe," alisema Quinter.

Omondi alingoja. Quinter alijua anangoja nini. Na safari hii alikuwa na mengi ya kweli: jua lilivyokuwa, mtu aliyekuwa anaimba mtoni, lile jiwe, ndoo iliyopinduka, kichwa kile kilivyonyooka. Yalimjaa mdomoni kuliko ule muhogo wa Alhamisi. Hakutoa hata moja.

"Basi?" Omondi akauliza.

"Basi. Ni cheupe."

Kaka yake alimtazama kwa muda mrefu, jinsi anavyotazama sahihi mbili zilizowekwa kando kwa kando. Kisha aliilaza picha katikati ya mashati mawili ili isikunjike, akaitoa tena, akampa pamoja na kalamu yake.

"Mama atataka jina. Niandikie hapo nyuma, jina lote kamili."

"La ndege?"

"La huyo bwana," alisema Omondi, akaendelea kukunja suruali.